MASWALI YENU: Fimbo ya puli, mti wake na inavyogonga

Toleo lililopita tuliandika mistari michache tu kuhusu kununua fimbo yako mwenyewe ya puli, yaani pool, ule mchezo wa kugonga mipira mezani, badala ya kugombania zile za baa, na maswali yakamiminika. Karibu yote yanazunguka jambo moja, mti gani ni bora na kwa nini fimbo moja inagonga hivi na nyingine vile. Nimechagua haya, majina nimeyaacha nimebakiza sehemu tu. Na ili tusipotezane huko mbele: tipu ni ile ngozi ya mbele kabisa, feruli ni kipete cheupe kinachoibeba, shafti ni nusu ya mbele nyembamba, kitako ni nusu ya nyuma unayoishika, jointi ni pale zinapofungana.

Habari ya kazi mhariri. Nina fimbo mbili zote wakia 19, moja ikigonga inatoa mlio mkali mpaka raha, nyingine inagonga kama imejaa pamba. Muuzaji kaniambia tofauti ni kitako, ile kali ina abunusi, eti niongeze hela anipe nyingine ya abunusi tupu. Ni kweli? (Tabata, Dar es Salaam)

Kaka, hiyo hela kaa nayo kwanza. Muuzaji ameanza kuhesabu fimbo kutoka nyuma wakati fimbo inahesabiwa kutoka mbele. Tipu ikigusa mpira vinakaa pamoja kwa kama elfu moja ya sekunde hivi, ngozi ikiwa laini sana labda inakaribia elfu mbili, basi, mpira umeshaondoka. Mkono wako unakuja kusikia mtikisiko wakati nyeupe, yaani ule mpira mweupe unaogongwa na fimbo, iko safarini tayari, kwa hiyo hakuna kitu mkono unaweza kurekebisha hapo. Na mtikisiko wa kwenda pembeni ndio unatembea polepole zaidi, ndani ya muda huo mfupi unakuwa umefika sentimita 15 au 20 tu kutoka kwenye tipu, huko kwenye abunusi haujafika kabisa.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu na siutoi mahali pake: tipu kwanza, pili sehemu ya mbele ya shafti, tatu uzito wa fimbo nzima, halafu ubora wa maungio, na aina ya mti wa kitako inakuja mwisho. Mlio mkali unaousikia, mara nyingi sana ni tipu ngumu. Ngozi iliyogandamizwa ikishapigwa miezi inakuwa ngumu yenyewe, na kuna tipu zinazouzwa laini kabisa kama Elk Master, zile za bluu, na kuna za tabaka tabaka za ngozi ya nguruwe kama Kamui na Moori ambazo unachagua mwenyewe ugumu, laini au ya kati au ngumu. Tipu ngumu inashikana na mpira muda mfupi zaidi na inapoteza nguvu kidogo zaidi, kwa hiyo unapata mlio mkali na mpira unaondoka na kasi kidogo zaidi kwa mkono uleule. Laini inakunyonya kidogo, mlio unakuwa mzito, ila chaki inaishika vizuri.

Jaribio lako ni rahisi. Kama skrubu za hizo fimbo mbili zinaingiliana, badilisha shafti, ya hii weka kwenye kitako cha ile. Ukiona mlio mkali umehama na shafti, ujue abunusi haina kesi. Kama haziingiliani peleka zote kwa anayebandika tipu, aweke tipu za aina moja kwenye zote mbili, zipigie kwa wiki moja ndio uamue. Gharama ya tipu mbili haifiki hata robo ya hela anayoitaka huyo bwana.

Sisemi mti wa kitako hauna kazi. Unaamua uzito umekaa wapi, fimbo inalala vipi mkononi, na kile unachokisikia kwenye kiganja baada ya pigo, na hicho kitu kina maana kwa sababu mchezaji anayependa fimbo yake anapiga kwa utulivu. Abunusi ni nzito na ngumu, mtikisiko wake mkononi ni mfupi na mkavu, kwenye mepo, mti wa Marekani nitakaoueleza kwa fundi wa Keko hapo chini, unausikia zaidi. Ni hisia ya kweli na watu wanailipia kwa haki kabisa, ila usiuziwe kama vile ndiyo inayoupeleka mpira.

Mimi ni fundi seremala hapa Keko. Nataka kujaribu kutengeneza fimbo za puli, nina mninga mkavu na vipande vya mpingo. Shafti nifanye ya mti gani na kitako cha mti gani? Watu wananiambia mpingo ndio mgumu basi fimbo nzima niifanye mpingo. (Keko, Dar es Salaam)

Fundi, swali lako ndilo nimelipenda kuliko yote kwa hiyo nivumilie nitaongea sana.

Anza na shafti. Dunia nzima shafti za mbao ziko za miti miwili tu kimsingi. Wamarekani wanatumia mepo ngumu, ule mti unaotoa sharubati ya sukari huko kwao na Kanada, Waingereza kwenye snuka, mchezo ndugu wa puli, na puli yao ya meza ndogo wanatumia ashi. Sio mazoea tu. Mepo ngumu ina uzito wa kama kilo 705 kwa mita ya ujazo, ashi nyeupe ya Marekani kama 675, na kwenye kukataa kupinda zinakaribiana sana, mepo inashinda kidogo tu. Yaani zote mbili ni ngumu kupinda bila kuwa nzito, zinanyooka, nyuzi zake ndefu, na zikipigwa mara elfu zinarudi zilivyokuwa. Tofauti ni mkononi, mepo vinyweleo vyake ni vidogo vimesambaa, ukisugua inateleza safi, ashi ina mistari iliyo wazi unaiona kwa macho na unaisikia kwa vidole, wachezaji wa snuka wanaitumia hiyo mistari kuiweka fimbo upande uleule kila wanapoinama.

Mninga hauwezi kuwa shafti nzuri. Ni mbao tamu ya kufanyia kazi, na sifa yake kubwa ambayo wewe unaijua kuliko mimi ni kwamba ukishakauka hauhangaiki, haupanuki na kusinyaa ovyo, ila unapinda kirahisi kuliko mepo na kwenye unene wa milimita 12 au 13 utakuwa legelege. Kitako ndio mahali pake, utatulia na rangi yake itakulipa.

Mpingo sasa. Hao wanaokwambia fimbo nzima wanachanganya ugumu na uzuri wa pigo. Mpingo ukikauka unafika kama kilo 1,270 kwa mita ya ujazo, unazama kwenye maji. Kitako cha kawaida kina ujazo wa kama sentimita za ujazo 400, kikiwa chote cha mepo kinakaa chini ya gramu 300, kikiwa chote cha mpingo kinavuka nusu kilo peke yake na bado hujaweka shafti wala skrubu wala ile raba ya chini. Watu wengi wanapiga na fimbo ya gramu 510 mpaka 600 hivi nzima nzima, na kanuni za kimataifa zinaishia kwenye wakia 25, kama gramu 708. Utatengeneza nyundo. Na shafti ya mpingo ni mbaya zaidi maana uzito umeuweka mbele kabisa, pale ambapo unataka wepesi, nitaeleza kwa nini kwenye swali la Nairobi hapo chini.

Mafundi wanaojua wanafanya hivi: mpingo unatobolewa katikati kwa urefu, ndani inaingia nguzo ya mepo iliyonyooka, inagundishwa kwa epoksi, halafu ndio wanachonga nje. Unapata rangi na mng'aro wa mpingo, uzito unapungua, na ile nguzo ya ndani inazuia mti usijipinde. Au unatumia mpingo kwenye sehemu ya mbele ya kitako tu, au kwenye zile pembetatu ndefu za mapambo za kitako. Mpingo wetu unajulikana sana kwa zumari na klarineti za huko Ulaya ila kwenye fimbo za puli za gharama nao upo, wala sio kitu cha kubahatisha.

Kuukausha ndio mtihani. Mpingo unakauka polepole mno na ukiuharakisha unapasuka kwenye ncha zake. Paka nta au rangi kwenye ncha za kipande, kata kiwe mraba mkubwa kuliko unavyohitaji, kiache kivulini, kisha chonga kidogo, kiache tena wiki kadhaa, chonga tena. Usichonge mpaka mwisho kwa siku moja hata kama mteja anakupigia simu. Mepo yenyewe wanaifanyia hivyohivyo, shafti nzuri inapita kwenye mashine mara nyingi na mapumziko marefu katikati, kila ikipunguzwa ile mbao inajisogeza kidogo, zile zinazopinda zinatupwa. Hizo zinazotupwa ndio sababu mojawapo shafti nzuri ni ghali.

Nyuzi ziwe zinakwenda sawa na urefu wa fimbo kutoka jointi mpaka tipu. Nyuzi zikitokea pembeni katikati ya safari, hapo ndipo itakapopinda au kuvunjika, haijalishi mti ni wa nchi gani.

Jambo la karatasi usilidharau. Mpingo na jamaa zake wengi wa jenasi ya Dalbergia waliingia kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017, kwa hiyo ukifikiria kuuza nje ulizia vibali mapema, na hapa ndani nunua penye risiti halali. Kule Kilwa kuna misitu ya vijiji ambayo mwaka 2009 ilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, wanakijiji wenyewe ndio wanaouza miti yao na hela inabaki kijijini. Mti unaokua kwa miongo na miongo mpaka ufae, mimi naona ni haki ujulikane umetoka wapi.

Ushauri wa kuanzia: shafti agiza kipande cha mepo kilichokwisha kukaushwa, wewe tengeneza kitako cha mninga chenye mkanda wa mpingo. Hapo nguvu zako zote ziweke kwenye maungio, yabane bila hewa ndani.

Niaje editor. Mimi hucheza hapa Nairobi. Nikipiga nyeupe kando ndio nipate spini, inatoka kwa laini yangu, ball inakosa pocket. Jamaa mmoja anasema tatizo ni fimbo ninunue shafti ya kaboni. Pesa ya kaboni ni nyingi, inasaidia ama ni stori? (Nairobi)

Sio stori, ila sikiliza vizuri kabla hujatoa pesa.

Ukigonga nyeupe upande wa kulia, haiendi sawasawa pale fimbo ilikoelekea, inasukumika kidogo kwenda kushoto. Ukigonga kushoto inakwenda kulia. Fimbo zote zinafanya hivyo, tofauti ni kiasi. Sababu yake ni kwamba wakati tipu imeshikana na mpira na mpira unaanza kuzunguka, ile ncha ya fimbo inasukumwa pembeni, na mpira nao unasukumwa upande wa pili kulipiza. Ncha ikiwa nzito inagoma kusogea, basi mpira ndio unaosogea zaidi. Ncha ikiwa nyepesi inakubali yenyewe kupisha. Na kumbuka nilivyosema kwa ndugu wa Tabata, ni zile sentimita 15 mpaka 20 za mbele tu ndizo zinazohusika, kwa hiyo wepesi unaohitajika ni wa ncha, fimbo yote inaweza kuwa nzito unavyopenda.

Kampuni ya Predator ya Marekani katikati ya miaka ya 1990 ndiyo iliyolifanya hili kuwa biashara, walitoboa shimo ndani ya ncha ya shafti, wakafupisha feruli na kuifanya nyepesi, na shafti yenyewe wakaiunga kwa vipande vya mepo vilivyokatwa kama vya keki vikagundishwa pamoja ili isiwe na upande mmoja mgumu na mwingine laini. Siku hizi makampuni mengi yana namna yao. Kaboni ilikuja kushika sana baada ya Predator kutoa shafti yao iitwayo Revo mwaka 2016, hiyo ni bomba jembamba la nyuzi za kaboni na ndani mara nyingi kuna povu la kuzuia mlio wa uwazi, ncha yake ni nyepesi na kubwa zaidi haipindi kwa unyevu.

Unene nao una mchango wake. Shafti ya puli ya Kimarekani kwa kawaida ni milimita 12.75 au 13 kwenye tipu, ya meza ndogo za Kiingereza ni kama 8 na nusu. Ugumu wa kupinda unakwenda na kipenyo mara kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo ukitoka milimita 12 kwenda 13 ugumu unaongezeka kama asilimia 38 wakati uzito wa ncha unaongezeka kama asilimia 17 tu. Ndio maana watu wawili wanaweza kushika mepo ileile wakaapa ni miti tofauti, mmoja ana shafti iliyokaa unene mmoja kwa sentimita 30 ndipo ikaanza kunenepa, mwingine yake inanenepa taratibu kuanzia kwenye tipu, ya pili inagonga ngumu zaidi. Mchongo wa shafti unabadilisha pigo kuliko kubadilisha mepo kwa ashi.

Sasa wewe. Spini ukiipiga kila siku na fimbo moja, kichwa kinajifunza kulenga kufidia. Ukibadilisha shafti leo yale uliyojifunza yote yanahama na utakosa zaidi kwa muda. Kama unacheza na fimbo ya baa leo hii na nyingine kesho, hapo ndipo tatizo lako lilipo, tafuta fimbo moja yako, hata ya mepo ya kawaida, ikae na wewe. Kaboni nunua kama unacheza mashindano au fimbo yako inalala kwenye boda na jua. Na mipigo mingi unayoitilia spini ya pembeni inawezekana kupigwa katikati, juu au chini tu, jaribu wiki nzima hivyo uone.

Assalaam alaykum. Niko Maskati, fimbo yangu nimeitoa Mombasa imenyooka kabisa, baada ya miezi kadhaa hapa jointi inalia na shafti imepinda kidogo. Mti mbaya ama ni nini? (Maskati, Oman)

Waalaykum salaam. Mti inawezekana ni mzuri, umehamishwa hali ya hewa tu. Mbao inavuta na kutoa unyevu muda wote, Mombasa hewa ya bahari imeijaza, wewe umeileta kwenye chumba cha eisi kinachokausha mchana na usiku, imesinyaa kwa upana. Upande mmoja ukisinyaa kuliko mwingine inapinda, na pale chuma kilipokutana na mbao panalegea maana chuma hakikusinyaa. Usiiache kwenye buti la gari, joto la gari lililofungwa huko kwenu linalainisha hata gundi. Iweke ndani ya kasha lake, wima au imelala bapa, isiegemee ukuta. Ikikaa miezi sehemu moja inaweza kurudi kiasi. Kuikagua usiibingirishe mezani, meza nyingi zina mabonde na kitako chenyewe kinapanda unene, fumba jicho moja uitazame kutoka kitako kwenda tipu huku ukiizungusha polepole. Pindo dogo kwenye mepo sio mwisho wa dunia, mpira hauioni kama tipu inafika pale ulipolenga.

Waliouliza hilihili kutoka Tanga na Zanzibar kwa upande wa pili, yaani fimbo zimetoka Marekani zikiwa kavu zikafika Pwani, jibu ni hilohilo limegeuzwa. Paka nta kwenye shafti, ifute jasho na chaki kila ukimaliza kwa kitambaa kikavu, na msasa uache kabisa, kila ukipiga msasa unapunguza unene na hurudishi.

Jointi ya chuma na jointi ya mbao kwa mbao ipi inagonga vizuri? Hapa kijiweni tunagombana kila siku. (Dodoma)

Mkifunga macho mkasikiliza kwa mikono tu nadhani ugomvi utaisha, wengi hawawezi kuzitofautisha kama tipu na shafti na uzito ni sawa. Chuma kinaongeza uzito katikati kwa hiyo fimbo inaelemea mbele kidogo, na sauti inabadilika. Mbao kwa mbao ni nyepesi na watu wanasema inagonga laini. Mimi ninachoangalia ni uso wa jointi tu. Zifunge mpaka mwisho kisha tazama kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita au nywele inaingia, hiyo jointi ni mbovu hata ingekuwa ya dhahabu. Ikishikana uso mzima bila uwazi, ya chuma au ya mbao, piga mpira.

Mzee mmoja hapa anasema fimbo bora za zamani zilikuwa na pembe za ndovu na hakuna kilichozifikia. Kweli? (Bagamoyo)

Zilikuwepo kweli, feruli na jointi za pembe, na mipira ya biliadi yenyewe ilikuwa pembe. Mzee wako yuko mji wenye haki ya kulizungumzia, kwa kuwa pembe nyingi za karne ya 19 zilishuka Bagamoyo zikavuka Zanzibar zikaenda mpaka Connecticut huko Marekani, miji ya Ivoryton na Deep River, kwenye viwanda vya vinanda na mipira ya biliadi, na walioshuka nazo begani wengi walikuwa watumwa na wapagazi. Kwa pigo pembe haina muujiza. Ni nzito kuliko plastiki za leo kwa hiyo ncha inakuwa nzito na mpira unasukumika pembeni zaidi, yaleyale niliyomwambia wa Nairobi. Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa CITES wa 1989, na mimi nafurahi, kwa sababu hakuna pigo la puli linalostahili tembo.

Mhariri naomba msaada, kuna baa hapa wanauza fimbo zao za zamani za kipande kimoja, nzito, mbao inaonekana nzuri kuliko hizi mpya za dukani. Naweza kununua moja nikaikata katikati niweke jointi? Washkaji wananicheka. (Mwanza)

Wasikucheke, waambie habari ya George Balabushka. Alizaliwa Urusi 1912, akahamia Marekani 1924, akaanza kutengeneza fimbo Brooklyn mwaka 1959 mpaka alipofariki 1975, na leo fimbo zake zinatafutwa na matajiri. Nyingi za mwanzo alizianzia kwenye fimbo za kampuni ya Brunswick ziitwazo Titlist, ambazo ni fimbo za ukumbini kabisa, zile za kupigia kila mtu, anakata, anaweka jointi ya chuma, anachonga upya, anaweka uzi wa kitani wa Ireland pa kushika. Na Herman Rambow wa Chicago naye alikuwa anazifanyia kazi hizohizo.

Kilichofanya Titlist ziwe na thamani ni jinsi zilivyoungwa. Mepo ya mbele na mti mzito wa nyuma vimechongwa meno marefu yanayoingiana kama vidole vya mikono miwili, vikagundishwa, kwa hiyo kutoka mbele mpaka nyuma ni mbao inashikana na mbao kwenye eneo refu, hakuna skrubu ndani ya kitako. Fimbo nyingi za kisasa zinaungwa kwa namna nyingine, zile pembetatu za rangi za mapambo zimebandikwa kwenye mifereji tu, na chini yake sehemu ya mbele ya kitako imeshikwa na ya nyuma kwa skrubu iliyofichwa ndani na gundi. Ukifanya vizuri zote mbili zinagonga safi, ila ile ya meno marefu ina sehemu chache za kulegea na wengi wanaipenda kwa ule mtikisiko mmoja unaokuja mkononi.

Sasa hizo za baa yenu. Sio kila fimbo ya kipande kimoja ina meno ya kweli, nyingi za bei rahisi zimepakwa rangi au kubandikwa karatasi ya picha ya meno. Kwaruza kidogo karibu na raba ya chini, ukikuta weupe chini ya rangi ni picha. Zikiwa za kweli utaona mistari ya mbao inapita ndani. Itazame kwa jicho moja kama nilivyosema, kama imepinda sehemu ya mbele iache, kama imepinda nyuma tu fundi anaweza kuizungusha kwenye mashine. Igonge kitako sakafuni taratibu ukiwa umeishika legelege juu, isikilize, mlio wa mpasuko au wa kitu kinachotetema ndani maana yake gundi imeachia. Na nyuzi za mbao, ziwe zimenyooka.

Kukata usikate kwa msumeno wa mkono. Inahitaji mashine ya kukereza inayoshika fimbo katikati kabisa, maana tundu la skrubu likienda pembeni hata nusu milimita, fimbo itakuwa na kiwiko milele. Ukikata unapoteza milimita kadhaa, kwa hiyo anza na fimbo ndefu, kawaida ya puli ni inchi 57 au 58. Skrubu na vipete vya jointi vitaongeza uzito kidogo mbele, kama tayari ni nzito muulize fundi kama kuna boliti ya uzito ndani ya kitako atoe.

Fimbo yangu inatetema nikigonga kwa nguvu, zzzz. Nimeibana jointi bado. (Morogoro)

Tafuta kutoka mbele. Feruli, ibonyeze kwa kucha na utazame ufa mwembamba, hiyo ndiyo mara nyingi. Kisha tipu, kama imeachia upande mmoja inalia. Halafu ifungue fimbo, shika shafti peke yake katikati na uigonge kwa kifundo cha kidole, kisha kitako peke yake hivyohivyo, utajua mlio unatoka upande gani. Kama ni kitako, fungua raba ya chini uone boliti ya uzito imelegea, inabanwa kwa bisibisi ndefu au kwa ufunguo wa pembe sita, dakika mbili tu. Kama bado inatetema baada ya hapo ni ile skrubu ya ndani ya kitako gundi yake imekufa, hiyo sio kazi ya nyumbani, peleka kwa fundi mwenye mashine, na mpaka ikitengenezwa usivunjie nayo mchezo, fungua kwa fimbo ya baa.